Noti ya Kumi

Waraka ulifika Jumatatu ndani ya bahasha ya kaki, na ilipofika Jumamosi ulikuwa umeshawafungia watu wanne ndani ya chumba kimoja.

Meneja aliusoma kwa sauti asubuhi, kabla benki haijafunguliwa, amesimama mbele ya makarani kama mwalimu mbele ya darasa. Benki zote zinaonywa. Kuna noti kubwa za bandia zimeingia mitaani, na waliozitengeneza si watu wa mchezo. Taa ya zambarau haizikamati. Mashine ya kuhesabia inazipitisha bila kusita. Ile picha ya ndani inayoonekana ukielekeza noti kwenye mwanga, ipo. Uzi upo. Kasoro yao ni moja tu: mistari mitano mifupi ya ukingoni, ambayo kwenye noti ya kweli imeinuka na hukwaruza ukiipapasa, kwenye bandia imelala. Na noti ikishachakaa, hata ile ya kweli mistari yake hubaki kama kovu la zamani, ndipo shughuli inapokuwa pevu.

"Kwa hiyo mashine tumenunua," meneja akasema huku akikunja karatasi, "na sasa tunarudi kwenye vidole."

Watu wote wakageuka kumtazama mtu mmoja.

Huyo waliyemtazama walimwita Vidole, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye hati ya mshahara tu. Alikaa dirisha la kwanza miaka ishirini na tisa. Alikuwa akihesabu noti huku akimsikiliza mteja anayemlalamikia mkwewe, na katikati ya malalamiko mkono ulisimama wenyewe, akachomoa moja, akaiweka kando na kusema kwa upole, "Hii si ya kwetu, baba." Hakuwahi kukosea. Mlinzi wa mlangoni, mtani wake wa siku nyingi, aliwaambia wateja kwamba yule mama akikusalimia kwa mkono anajua jana ulikula nini.

"Kazi imekuja kwa mwenyewe," akasema Chiriku, karani wa dirisha la pili, binti wa maneno mengi aliyekuwa amejifungua miezi minne nyuma. "Sisi wengine tukapige miayo."

Vidole akacheka pamoja nao. Kisha akaificha mikono yake mapajani.

Vidole vile vilikuwa vimekufa.

Havikufa jana wala juzi. Kisukari kilianza kuvinyonya miaka miwili nyuma, kwanza ncha, ganzi ndogo kama ya mtu aliyelalia mkono, halafu kikapanda pole pole mpaka viganjani. Siku moja alifunua sufuria ya uji, akasikia harufu ya ngozi inayoungua. Akageuka huku na huku kutafuta kinachoungua ni nini, kumbe ni yeye.

Aliyejua siri ile ni mumewe peke yake, na mumewe alikuwa mtu wa kitanda, nusu ya mwili imelala tangu kiharusi kimpige. Dawa za mume na sindano za mke zilitoka kwenye kadi moja ya matibabu, kadi ya benki. Miezi saba ilibaki Vidole astaafu kwa heshima, na mtu akistaafu kwa heshima kadi humfuata mpaka kaburini. Lakini mtu akiondolewa kwa ugonjwa kabla ya siku yake, hupewa cheti na mkono wa kwaheri, na kadi huzimwa siku hiyo hiyo.

"Mke wangu," mumewe alimwambia, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo, "mficha maradhi kifo humuumbua."

"Na mtangaza maradhi je?"

Mzee akafikiri. "Huyo huumbuliwa na barua."

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka, na habari ikaishia hapo.

Sasa utauliza, miaka miwili yote alifanyaje kazi mwanamke huyu? Alitumia mdomo. Aligundua kwa bahati, siku alipokuwa akifunga mtandio wake kwa mikono miwili na noti ameibana midomoni. Mdomo wa chini ukasikia ile mistari, mmoja mmoja, kama meno ya kitana. Tangu siku hiyo, dirishani, alijifanya analowesha kidole kwa ulimi kama makarani wa zamani, na noti aliyoitilia shaka ikapita ukingo wake mdomoni kufumba na kufumbua. Meneja, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, alimgombeza kila wiki. "Mama, sifongo ya maji hiyo hapo. Noti zimeshikwa na dunia nzima hizi." Naye akajibu, "Mazoea yana taabu, mwanangu." Basi yakapita.

Jumamosi benki ilifunga saa sita mchana, na afisa akaja kutoka makao makuu kufundisha ule waraka kwa vitendo. Alikuwa kijana mrefu mwenye suti iliyombana mabega, amekumbatia mkoba kama mtu aliyebeba mayai.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye Vidole? Habari zako zimefika mpaka ghorofa ya saba."

"Marahaba, baba. Huko ghorofa ya saba hawana kazi, nini?"

Akacheka. Alikuwa kijana mwenye adabu, na hilo ndilo lililokuja kufanya mambo yawe magumu zaidi, maana mtu mkali unaweza kumchukia ukapumua.

Wakaingia chumba cha kuhesabia. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na meza ya chuma, viti vinne, feni iliyozunguka kwa kulazimishwa, na simu ya ukutani ambayo haikupiga popote isipokuwa kwenye matawi mengine na makao makuu. Simu zao za mikononi waliziacha kwenye kikapu cha mlinzi. Mlango ulikuwa wa nondo, na kufuli lake lilikuwa upande wa nje. Hii ndiyo sheria, afisa akaeleza: noti bandia zikishatoka kwenye bahasha, mlango unafungwa, na hafunguliwi mtu mpaka zote kumi zirudi. Mlinzi akafunga, akauvuta mlango kuujaribu, akamkonyeza Vidole.

"Mtani, leo umeingia mwenyewe."

Afisa akachukua noti tisini za benki kutoka bunda la Chiriku, zilizokwisha kushikwa na watu. Akazichanganya na zake kumi, akazipiga mezani, akazikata na kuzikata kama karata. "Jumla mia moja. Nitafutieni kumi zangu. Na msinitazame usoni, maana hata mimi kwa macho sizijui."

"Huzijui?" Chiriku akashangaa. "Wewe mganga gani usiyeijua dawa yako?"

"Mashine inayozijua iko makao makuu. Ni kubwa kama kabati, haibebeki."

Wakaanza. Ilipofika saa nane Chiriku alikuwa amepata nne, meneja mbili, na Vidole tatu. Zile tatu alizipata kwa ujanja wake: akakohoa, akainua noti kama anayepuliza vumbi, mdomo ukagusa, akaiweka chini. Tisa zikalala kando, na kila mmoja akazipapasa zote akakubali kwamba ni laini. Ikabaki moja.

Ile moja haikuonekana. Chiriku alizipitia zote tisini na moja, hakuna. Meneja akazipitia, akachomoa mbili, akazirudisha. Wakazigawana mafungu matatu, wakabadilishana mafungu, ila Vidole hakuweza kukohoa kwa kila noti. Saa tisa ikapita. Hewa ikawa nzito, ikanuka noti, ile harufu ya jasho la watu usiowajua.

"Afisa," Chiriku akasema, na safari hii hakuwa na mzaha, "mtoto wangu yuko kwa jirani. Nimemwachia kichupa kimoja tu. Na kifua hiki kimejaa, kinaniuma mpaka kwapani."

"Dada, naomba uvumilie kidogo."

"Mimi nitavumilia. Kamwambie mtoto." Akaenda kwenye nondo. "Kaka mlinzi, nifungulie. Nitarudi mbio."

"Mdogo wangu," sauti ya mlinzi ikajibu, "nikikufungulia, kesho nitakuja kulinda nyumba yako bila mshahara."

Chiriku akarudi kukaa. Mbele ya blauzi yake palikuwa na madoa mawili ya majimaji, na akavuta koti la sare kuyaficha. Meneja akatazama dari.

"Mama Vidole," meneja akasema kwa sauti ya chini, "tumehangaika bure. Zichukue zote wewe. Wewe peke yako."

Zikasogezwa mbele yake, tisini na moja. Afisa akavuta kiti akakaa mkabala naye, viwiko mezani. "Mimi nataka kujifunza," akasema. "Nimewasikia wengi wanaojisifu, sijamwona anayejua. Naangalia mikono yako tu, mama."

Basi, ndipo mtego ulipofyatuka. Vidole akachukua noti ya kwanza, akapitisha dole gumba ukingoni. Ilikuwa sawa na kupapasa ukuta ukiwa umevaa soksi mkononi. Ya pili vivyo hivyo. Akakohoa, akaanza kuinua ya tatu.

"Ibaki mezani, mama, tafadhali," afisa akasema kwa heshima. "Ukiinua napoteza hesabu."

Akaishusha. Akaendelea kupapasa ya nne, ya tano, ya kumi, ya ishirini, macho amefumba nusu kama alivyozoea, na watu watatu wakinyamaza ili wasimvurugie. Alipapasa kwa dakika arobaini bila kusikia chochote. Alifika mwisho, akazigeuza, akaanza upya, kwa sababu kuacha kungekuwa kusema. Aliwaza kadi ile, ilivyokaa ndani ya kikombe cha plastiki kando ya kitanda cha mumewe, na mzee anavyoinyooshea mkono mzima akitaka kujua kama bado ipo.

Chiriku akainama kumwokotea noti iliyodondoka, na akiwa hapo chini akamnong'oneza, "Mama, onyesha yoyote. Hiyo chakavu. Wewe ukisema ni bandia, nani atabisha?"

Vidole akamtazama. Binti alikuwa na macho mekundu. Akamtazama meneja, na meneja, aliyesikia, akageukia ukuta na kuanza kusoma maelezo ya kizima moto. Hata afisa alikuwa amechoka, akitazama saa yake. Hakuna mtu pale ndani aliyetaka kitu kingine isipokuwa aseme, "Hii hapa."

Akaichukua ile chakavu. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi, pembe moja imeliwa. Akaitenga na wenzake, na chumba kizima kikavuta pumzi. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Kulitamka tu, na mlango ungefunguka, mtoto angenyonya, na miezi saba ingepita kama ilivyopita miaka ishirini na tisa.

Lakini yeye alikuwa mtu wa dirishani, na mtu wa dirishani akiishika noti huwaza anayefuata kuishika. Nikisema ni hii, akawaza, basi ya kweli inaingia kwenye bahasha na ya uongo inabaki kwenye bunda. Jumatatu Chiriku atamlipa mtu. Mtu huyo atanunua nayo, itazunguka, na siku moja mama fulani aliyeuza vitumbua vyake ataileta dirishani kwangu, nami nitabonyeza kengele, mlango ufungwe, aitwe askari. Huyo mama hatakuwa na wa kumnong'oneza.

Hapo likamjia jingine nyuma ya hilo, polepole, kama mgeni anayebisha hodi ya pili. Kama mimi nimefika mahali hapa, nani mwingine alishafika kabla yangu?

"Baba," akamwambia afisa, "jana ulifundisha wapi?"

"Tawi la sokoni."

"Walizipata zote?"

"Zote kumi. Ingawa nao ya mwisho iliwatoa jasho, mpaka saa kumi na moja jioni."

"Aliyeipata ni nani?"

"Meneja wao." Afisa akajaribu kukumbuka. "Aliinuka tu akasema, ni hii. Tukafurahi, tukaondoka."

"Na namba za noti zako kumi, uliziandika kabla ya kwenda huko?"

Kijana akaitoa fomu yake mkobani. Palikuwa na safu ya kujazia namba, mistari kumi kwa noti kumi, na wote walipoinama kuitazama wakaona ameandika kitu kimoja tu kwa herufi kubwa: KUMI.

"Nilizihesabu," akasema. "Zilitoka kumi, zikarudi kumi."

"Zilirudi kumi, ndiyo," akasema Vidole. "Kumi zipi?"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Kama meneja wa sokoni alionyesha noti yoyote ili watu wake waende nyumbani, basi afisa alikuja huku na bandia tisa na moja ya kweli. Ya kumi haimo chumbani. Wangeweza kuitafuta mpaka wazeeke.

"Huo ni uzushi, mama, unisamehe," afisa akasema, na adabu yake ikaanza kutetemeka. "Labda imo humu na vidole vyako vimeshindwa. Kushindwa si aibu."

"Vimeshindwa," akasema Vidole. "Vimeshindwa tangu mwaka juzi."

Akaiweka mikono juu ya meza, viganja juu, na akawaambia. Hakupamba. Aliwaonyesha kovu la sufuria. Aliwaambia habari za mdomo. Meneja akajishika kichwa. Chiriku akasema, "Maskini, mama yangu," halafu, kwa kuwa alikuwa Chiriku, akaongeza, "Kumbe kulamba kote kule ilikuwa kazi!"

"Nijaribuni," akasema Vidole. "Nifungeni macho."

Wakamfunga kwa mtandio wake mwenyewe. Afisa akachukua bandia mbili kati ya zile tisa, akanakili namba zake, akazichanganya na nane za benki. Vidole akapitisha kila moja mdomoni, taratibu, akazipanga: kulia za kweli, kushoto za uongo. Mbili kushoto, na zilikuwa zenyewe. Akamchanganyia tena, akaweka tatu. Vidole akazitoa zote tatu. Mara ya tatu kijana hakuweka hata moja, kwa ujanja, na Vidole akazipanga zote kulia, akauliza, "Sasa unanichezea, baba?"

Ndipo akapitisha zile tisini na moja. Ilimchukua karibu saa nzima, mdomo ukakauka, ukaonja chumvi na kutu na marashi ya watu. Zote zikaenda kulia. Ile chakavu nayo ikaenda kulia. Mistari yake ilikuwa imechoka, lakini ilikuwepo.

"Hakuna bandia humu," akasema, akajifungua macho.

Afisa hakuinuka. "Mama, nielewe. Nikipiga simu, nitaulizwa nani amethibitisha. Nitasema mama mmoja mgonjwa, mikono imekufa, amelamba noti. Umenivua nguo na ukajivua mwenyewe. Ungeonyesha ile chakavu, sote tungekuwa tumeshafika nyumbani."

Na hapo ndipo Vidole alipouona mtego mzima: siri aliyoitoa ili aaminiwe ndiyo iliyomnyima kuaminiwa. Alikuwa ameuza kadi yake na hakupewa kitu.

Chiriku ndiye aliyesimama. Koti lilimfunguka, na hakulifunga. "Mimi ndiye niliyemwambia aonyeshe yoyote," akasema. "Andika na hilo. Ningekuwa sokoni jana ningefanya vile vile, na nisingejisikia mwizi, ningejisikia mama. Kwa hiyo najua wamefanya. Piga simu, kaka, kabla sijakunyonyesha wewe."

Meneja akachukua mkonga wa simu ukutani, akamkabidhi afisa.

Tawi la sokoni Jumamosi hubaki wazi mpaka jioni. Meneja wa kule alianza kwa hasira, sauti yake ikasikika hadi mezani: anadharauliwa, anasingiziwa, ana miaka kumi na mitano ya kazi. Kisha akasema jambo kwa sauti ndogo, na afisa akafumba macho.

"Anasema walichoka," afisa akawaambia, mkonga ukiwa umening'inia mkononi. "Mmoja wao alikuwa na mgonjwa hospitali. Akachagua tu."

"Na bunda?" meneja akauliza.

"Limelipwa leo saa nne asubuhi. Kwa fundi wa majengo, mishahara ya vibarua."

Vibarua. Kufikia saa ile ilikuwa imeshagawanywa, imo mfukoni mwa mtu aliyeshinda juani akibeba zege, naye anajua kuwa ni pesa yake.

Afisa akakaa kuandika taarifa, maana sasa benki zote zilipaswa kuonywa upya. Akajaza namba, safari hii zote. Alipofika kwenye safu ya *njia iliyotumika kutambua*, kalamu ikasimama. Akamtazama Vidole, kisha meneja.

"Naweza kuandika vidole," akasema taratibu. "Hakuna uongo mkubwa hapo. Mama anabaki na heshima yake na miezi yake saba. Na yaliyosemwa humu yabaki humu."

Meneja akaitikia haraka kwa kichwa. Chiriku naye akaitikia.

Vidole hakuwa shujaa, na sitamvika ushujaa. Alikuwa akimfikiria mumewe. Lakini alikuwa ameshaona vidole vya Chiriku, vidole vizima vya binti wa miaka ishirini na sita, vikipita juu ya ile chakavu mara tatu bila kuwa na uhakika.

"Ukiandika vidole," akasema, "kila karani wa kila benki ataambiwa apapase. Atapapasa noti zilizochakaa, hatasikia kitu, atafungiwa kama sisi. Halafu atachagua tu. Andika mdomo."

"Mama."

"Andika, baba, kabla sijabadili nia."

Akaandika. Akamgeuzia karatasi atie sahihi, na Vidole ikambidi aitazame kalamu kwa macho ili ajue kama ameishika. Afisa akamwamuru mlinzi afungue, naye akafungua. Chiriku akapita mbio bila hata kuchukua simu yake, ikabidi mlinzi amkimbize nayo mpaka barabarani. Aliporudi, akihema, akauliza, "Mtani, mlikuwa mnapika nini humo? Imepatikana?"

"Imepatikana," akasema Vidole. "Iko mtaani."

Waraka wa pili ulitoka Jumatano, ukaenda benki zote, na haukutaja jina la mtu. Afisa alishushwa cheo, akapelekwa kupanga mafaili. Kwa habari ya Vidole, meneja alipiga simu makao makuu mara tatu, na mara ya tatu alirudi na jibu ambalo hakujua alitoe kwa uso gani. Hawakumwondoa. Walikaa ghorofa ya saba wakaliangalia jambo kwa macho yao: ile noti itarudi tu benki siku moja, kupitia tawi mojawapo, na imechakaa zaidi, na mashine kubwa haiwezi kula noti za matawi yote. Basi noti kubwa zote zilizochakaa zitaletwa chumba kile cha kuhesabia, na yule mama atazipitisha. Miezi saba. Kadi itabaki.

"Umeshinda," mumewe akamwambia.

"Nimefungwa, mume wangu. Kifungo cha miezi saba, na kazi ngumu."

"Mimi nimefungwa miaka miwili," mzee akasema, akipiga godoro kwa mkono mzima. "Karibu. Chakula si kibaya."

Kwa hiyo kila asubuhi mlinzi alimfungulia, akamfungia, na masanduku yakaja. Walimpa kitambaa chenye spiriti apanguse kila noti kwanza. Spiriti ikakausha mdomo, ukapasuka, ukapona, ukapasuka tena. Akaupaka mafuta usiku na asubuhi. Wiki ya tano Chiriku alimletea chai mpaka kwenye nondo, akaipitisha katikati, akamtazama kwa makini.

"Mama, mdomo umeota sugu."

"Naona."

"Bado unasikia?"

"Nenda dirishani, watu wanakusubiri."

Alipobaki peke yake akachukua noti iliyofuata, ya zamani, laini kama kitambaa. Akaipangusa, akaipitisha. Hakuwa na uhakika. Akageuza mdomo kidogo, akatafuta mahali ambapo ngozi ilikuwa bado changa, kwenye pembe ya kushoto, akapitisha tena, polepole zaidi. Akasikia mmoja. Akangoja. Akasikia wa pili, wa tatu, wa nne, na baada ya kitambo kirefu mno, wa tano. Akaiweka kulia, akachukua nyingine.